Stelingi Hafi

Tangu tuoane, mke wangu alikuwa na swali moja ambalo sikuwahi kumjibu. Kwa nini Titanic ikianza kwenye runinga mimi naondoka sebuleni? Meli ikianza tu kuinama, nakumbuka kwamba geti sijalifunga. Alidhani nakwenda kulia peke yangu. Ningependa ingekuwa hivyo, walau kuna heshima ndani yake. Ukweli ni kwamba filamu ile ilimla mjomba wangu shilingi 4,300 mwaka 1999, na aliyemlisha hasara hiyo ni mimi.

Mjomba alikuwa na kibanda cha video Ngamiani, pale Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Mabati juu, magunia madirishani, na mabenchi ambayo misumari yake ilikuwa inawajua wateja mmoja mmoja. Mbele palikuwa na runinga ya inchi 21 ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na juu yake deki. Mkubwa shilingi 100, mtoto 50. Vibanda vya namna ile watu waliviita kibanda umiza, na aliyewahi kukaa mle saa tatu mwezi wa pili hahitaji kuelezwa sababu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika ubao wa nje kwa chaki, kurudisha kaseti nyuma, na deki ikitafuna mkanda, kuuchomoa. Hapo ndipo nilipokuwa bingwa. Unafungua kifuniko, unauvuta mkanda polepole kama unatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, unaunyoosha kwa ukucha pale ulipokunjamana, halafu unaingiza kalamu ya Bic kwenye kitundu cha chini kuachia breki, na kuzungusha gurudumu kwa kidole mpaka wote urudi ndani. Ningebaki na kalamu yangu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Sasa, ili uelewe kosa langu lazima uijue sheria ya kibandani. Filamu yoyote ilikuwa na watu watatu tu: stelingi, adui, na demu wa stelingi. Wengine wote ni wa kufa. Na sheria yenyewe ilikuwa ya maneno mawili: stelingi hafi. Haikuwa imani ya watoto, ilikuwa na ushahidi. Ndani ya Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anavamia kisiwa kizima cha wanajeshi peke yake na risasi zinamkwepa zenyewe, kwa adabu. Rambo naye hivyo hivyo. Hatukulipa shilingi 100 ili kujua kama atapona, tulilipa ili kuona atapona vipi. Mtu akijifanya mjuaji na kutukumbusha Sholay, ambamo Amitabh Bachchan anakufa, wazee walikuwa na jibu mfukoni: stelingi wa mle ni Dharmendra.

Basi mjomba akaenda Dar es Salaam, akakuta huko filamu zinatafsiriwa kwa maiki, papo kwa papo. Akarudi na maiki ya kuazima kwa mpiga disko wa harusi, na mkono mwingine kaseti mbili za filamu moja. Titanic. Saa tatu na dakika 14, Oscar 11, na haikutosha kwenye kaseti moja. Mjomba alipoelewa kwamba filamu imekatwa katikati, uso ulimng'aa. Kaseti ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, kiingilio mara mbili.

"Na mtafsiri?" nikamuuliza.

Akanitazama. Nilikuwa na miezi sita kidato cha kwanza. Kiingereza changu kilikuwa salamu ya mwalimu asubuhi, majina ya vifaa vya maabara ambayo hatukuwa nayo, na sentensi moja ndefu ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Mwanangu," akasema, "wao wanakijua zaidi yako?"

Hoja hiyo sikuweza kuivunja. Nikaandika ubaoni: TITANIKI. MELI NZIMA. INATAFSIRIWA.

Filamu ilianza vibaya. Meli ilionekana kidogo tu, halafu kikatokea kijichombo chenye taa kinaelea gizani. "Tupo mwezini," nikatangaza. Ikatokea pua ya meli iliyoota kutu. "Mwezini kuna bandari," nikaongeza. Nyuma kabisa mtu akacheka, na mimi nikaanza kutoka jasho. Alikuwa baharia mstaafu, mtu aliyezunguka dunia kwenye meli za mizigo, na usiku ule wote alikuwa akicheka pahali ambapo wenzake wametulia na kutulia pahali ambapo wenzake wanacheka.

Jack akampata Rose kwa macho kutoka sitaha ya chini. Anamtazama, hasemi kitu. Anaendelea kumtazama. Watu wakanigeukia, maana wamelipia tafsiri, na mtafsiri kanyamaza. Nikakumbuka filamu za Kihindi, nikasema, "Anamwambia rafiki yake, yule ni dada yangu tuliyepotezana utotoni."

Kibanda kizima kikatoa "aaah" ya huruma. Mama muuza kashata akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajisikia raha ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Nikapata kasi. Rose anapoparamia vyuma vya nyuma ya meli usiku, anataka kujitupa, nikasema ana kichefuchefu cha bahari na Jack anamuuliza kama kwenye pochi yake hakuna ndimu. Jack anapomfundisha Rose kutema mate, nikasema ni kinga ya husuda ya matajiri. Halafu tukafika kwenye ile sehemu ya mbele ya meli, jua linazama, mikono imenyooshwa. Wanageukiana. Sura zinasogeleana. Nikaona kinachokuja na sikuwa na pa kukimbilia.

"Astaghfirullah!" mama muuza kashata akasimama na sinia lake. "Si dada yake huyo?"

"Walichanganywa hospitali!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Amempigia simu mama, kumbe si ndugu! Walichanganywa hospitali!"

Meli ile ilisafiri mwaka 1912, na simu niliipiga mimi tu. Lakini mama aliketi. Mtu aliyelelewa na filamu za Kihindi hashangazwi na hospitali.

Ilipofika sehemu ya Jack kumchora Rose bila nguo, mjomba alikuwa ameshapewa habari na mwenye maktaba ya video. Akasimama mbele ya runinga ameshika kanga kwa mikono miwili kama anaanika, akaniamuru niendelee. Kwa hiyo nikatafsiri kanga: "Anamchora picha ya pasipoti." Wenye benchi la mbele walipiga magoti kuchungulia chini ya pindo.

Kisha meli ikagonga, na kaseti ikakaribia mwisho. "Mwamba wa barafu," nikaeleza.

"Barafu?" Huyo alikuwa fundi baiskeli, na Tanga fundi baiskeli ni mtu wa kusikilizwa. "Barafu hii ya kuwekea samaki?"

"Hiyo hiyo, ila kubwa."

"Itoboe chuma? Mimi kazi yangu matundu, bwana mdogo. Barafu haitoboi chuma." Halafu akaacha hilo na kuuliza lililokuwa moyoni mwa watu wote. "Kesho stelingi anapona?"

Kaseti ya pili sikuwa nimeiona. Lakini nilikuwa na maiki, na nilikuwa na miaka kumi na minne. "Stelingi hafi," nikasema. "Akifa, mjomba anarudisha hela."

Gizani nikasikia mjomba anakohoa.

Nje, wakati nafunga mlango, baharia alinishika bega. "Kijana, umenifurahisha sana. Lakini kesho usimwahidi mtu kitu." Nikadhani ni wivu.

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani, magunia yakatolewa. Ulikuwa msimu wa machungwa ya Muheza na kila mtu alikuwa anamenya, harufu imetanda kama tumekaa ndani ya chungwa. Jack kafungwa pingu kwenye bomba, maji yanapanda. Hakuna aliyeogopa. Rose alipokuja na shoka, akafumba macho, akapiga mnyororo, watu walishangilia na mimi nikasema, "Si niliwaambia." Meli ikainuka, ikakatika vipande viwili, ikazama. Bado watu wametulia. Meli si stelingi.

Tatizo lilianza majini. Kwanza midomo yao ilitoa moshi. "Wanavuta nini?" mtu akauliza. Nami kitu cha baridi kuliko vyote nilichowahi kukishika maishani kilikuwa friji la dukani, kwa hiyo nikasema ni moshi wa meli wameumeza. Pili, ule ubao. Rose juu, Jack ndani ya maji, ameushikilia ukingoni. Mvuvi mmoja wa Sahare akashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hapandi?"

"Ubao mdogo, mzee."

"Mdogo? Huo unabeba watu watatu na ndoo! Basi wapande kwa zamu. Na hata akikaa majini, ana nini? Mimi ngalawa ilinipindukia magharibi, nikaelea mpaka alfajiri, nikarudi nyumbani nikanywa uji nikalala. Huyu kijana ni mvivu."

Maji ya usiku ule wa mwezi wa nne kwenye Atlantiki ya kaskazini yalikuwa chini ya sifuri, humalizi saa moja uko hai. Ya Tanga unaweza kuyaogea usiku wa manane ukaomba yapoe kidogo. Leo ningemweleza. Siku ile nilibaki natazama nywele za Jack, zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, na macho yake yamefumba.

"Kalala," nikasema.

Rose akamtikisa.

"Usingizi mzito. Kahangaika sana tangu jana."

Rose akamtikisa tena, akamwita, akaanza kulia. Machungwa yakaacha kumenywa. Akambusu mkono, akauachia, na Jack akashuka polepole ndani ya maji meusi, uso unatutazama, mpaka akapotea. Sijawahi kusikia kimya kama kile ndani ya kibanda umiza. Hata mtoto mchanga aliyekuwa analia alinyamaza.

"Anapiga mbizi!" nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba. "Adui yumo ndani ya boti. Stelingi anamfuata chini kwa chini, anakwenda kuitoboa!"

Watu wawili watatu wakapiga makofi kwa mashaka. Rose akajitupa majini, akachukua filimbi kwenye mdomo wa maiti, akapuliza. "Anamwita stelingi," nikasema. "Sasa hivi anaibuka. Tazameni kushoto."

Wote wakatazama kushoto. Umeme ukakatika.

Tulisubiri dakika tano, kumi. Giza, joto, harufu ya machungwa. Halafu sauti ya fundi baiskeli, taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa: "Stelingi kafa."

"Hajafa! Umeme ukirudi mtamuona!"

Ganda la kwanza lilinipata shingoni. La pili lilikuwa chungwa zima. Mjomba aliwasha kandili, akasimama mlangoni na kopo la hela, akaanza kurudisha, kwa sababu ahadi ya maiki ni ahadi ya nyumba. Waliorudishiwa walikuwa wengi kuliko walioingia. Fundi baiskeli alichukua yake, akazunguka nyuma, akaingia kwa dirishani na kuchukua tena, akiwa amevaa kofia. Jumla shilingi 4,300. Asubuhi kaseti ilitakiwa maktaba, umeme ulirudi adhuhuri. Mwisho wa filamu hakuna aliyeuona.

Mtaani nikapewa jina: Stelingi Hafi. Niliitwa hivyo mpaka nahama Tanga. Nikipeleka baiskeli kuziba pancha, fundi alinitoza zaidi, akisema ni ya kumzika marehemu. Na kila niliyekutana naye maishani aliyeiona filamu ile aliniambia kitu kimoja, Jack anakufa. Nikakubali kwamba niliwadanganya watu, nikawa nakwenda kufunga geti.

Mpaka mwaka 2022. Filamu ikaanza, na binti yetu alikuwa amelala juu ya mguu wangu, mke wangu akaninyooshea kidole kwamba ole wako umwamshe. Nikanaswa. Nikaona ubao, nikaona filimbi, nikapita pale umeme ulipokatika, nikawa kwenye sehemu nisiyoijua. Bibi mzee kitandani. Kamera ikashuka hadi kwenye meli iliyozama, kutu ikatoka, taa zikawaka, milango ikafunguliwa. Watu waliokufa wamepanga mstari, wanatabasamu. Na juu ya ngazi, kando ya saa, kijana amewapa mgongo.

Akageuka.

"SI NILIWAAMBIA!" Nilikuwa nimesimama. Binti alikuwa sakafuni analia, mke wangu ananiuliza nimeumwa na nini, na mimi naelekeza runinga. "Si huyo hapo! Si niliwaambia anaibuka!"

Ilikuwa saa tano usiku. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ndiyo maana napiga. Stelingi hajafa."

Kimya. Kisha, polepole: "Yule wa meli?"

"Yupo juu ya ngazi. Mzima. Demu wake kavaa nguo nyeupe, watu wote wanawapigia makofi."

Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa anaketi.

"Umemuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mjomba."

Akahema. "Yule fundi baiskeli," akasema, "bado yupo palepale chini ya mwembe. Alichukua mara mbili, kofia yake naikumbuka. Kesho naanza na yeye."