Mwenzenu Nilipangusia Pikipiki Sanaa

Jumamosi asubuhi mwenzenu nilikuwa nimechuchumaa uani nasafisha pikipiki. Nikavuta kanga kuukuu kwenye kamba, nikaichovya mafuta ya taa, nikaanza kupangusa mnyororo. Nimefika katikati, nikasikia nyuma yangu, "Mume wangu, unafanya nini?" Mkeo akikuita "mume wangu" kwa upole saa mbili asubuhi, jua una kesi.

Nikasema napangusa mnyororo.

"Kwa kanga yangu?"

Si imechakaa hii?

"Imechakaa?" Hapo hapo akamwita binti yetu, kama mtu anayeita wakili. Na binti mwenyewe ndio huyo, kamaliza kidato cha sita juzi, na badala ya kutangaza uhasibu katangaza ubunifu wa mavazi. Miaka 13 nalipa ada, nikidhani hela zinakwenda kwenye hesabu, kumbe zilikuwa zinakwenda kwenye vifungo.

Akatoka na simu. "Baba, hiyo ni sanaa. Mwaka 2013 makumbusho ya British Museum kule London walifanya maonyesho ya nguo za Afrika, na kanga zilikuwemo." Nikaitazama sanaa mkononi. Ilikuwa inanuka mafuta ya taa.

Sasa hebu niulize, mimi kosa langu liko wapi? Kanga ya London imetundikwa, watu wanaitazama kwa mbali mikono nyuma. Ya kwangu imebeba watoto watatu mgongoni, imekuwa ngata ya ndoo, imekuwa pazia la bafuni, imefunikia wali wa msiba. Nionyesheni sanaa nyingine inayotumwa hivyo. Pale sebuleni tuna picha ya maporomoko ya maji tuliyopewa zawadi siku ya harusi, na tangu tuitundike haijawahi kumsaidia mtu hata kuepulia sufuria.

Binti akaona baba haelewi, akaanza kunifundisha. Kuna Mfaransa, Yves Saint Laurent, mwaka 1965 alichukua vile viboksi vya rangi vya mchoraji Mondrian wa Uholanzi akavishona gauni, na gauni sasa liko makumbusho. Kuna Mwingereza, mbunifu Alexander McQueen, alipofariki wakafanya maonyesho ya nguo zake New York mwaka 2011, watu zaidi ya 660,000 wakaenda kuziangalia. Kuangalia tu, jamani. Hakuna aliyejaribisha, hakuna aliyeomba kupunguziwa bei. Mimi nikisimama soko la Karume dakika tano naangalia shati bila kuuliza bei, muuza mitumba ananiambia, "Mzee, unaniziba hewa."

Nikamwambia haya, lakini mwanangu, ni wewe uliyenionyesha vile viatu vya Balenciaga, kampuni ya mavazi ya Paris, vya mwaka 2022. Raba mpya, zimechanwa na kuchafuliwa kiwandani makusudi, jozi 100 tu dunia nzima, dola 1,850 kila jozi! Zaidi ya milioni nne za kwetu. Mimi raba zangu nimezichana mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa miaka sita, bila kiwanda, na siku niliyotaka kwenda nazo kwenye kikao cha shule mama yako alinizuia mlangoni: "Utatuaibisha." Kwa nini uchakavu wa Paris uwe sanaa, wa kwangu uwe aibu?

Binti akasema, "Baba, tofauti ni nia."

Nia! Neno hilo nimeshalisikia kwa fundi wangu wa cherehani. Kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji ilichagua sare: kitenge chenye majogoo makubwa, kila jogoo ukubwa wa sinia. Hela nikatoa, maana sare haina mjadala. Ukigoma unaonekana unamwonea wivu bwana harusi. Nikapeleka yadi nne kwa fundi. "Njoo Jumatano." Jumatano nikaambiwa umeme ulikatika. Ijumaa, sindano imevunjika. Jumamosi ya harusi, saa saba mchana, ndio anapiga pasi. Navaa, naona kifuani pana jogoo asiye na kichwa. Najigeuza kwenye kioo, mgongoni yuko mwingine, kichwa chini miguu juu, kama anayepelekwa kuchinjwa.

"Fundi, huyu jogoo vipi?"

"Bosi, hiyo ndiyo fasheni."

Nilikwenda ukumbini hivyo hivyo. Watu wazima arobaini, majogoo arobaini, lakini wa kwangu peke yake ndiye aliyesimama kwa kichwa. Wiki tatu baadaye napita kwa fundi, namwona mwanawe mdogo anacheza gololi ndani ya kaptula mpya. Kwenye makalio, kichwa cha jogoo wangu, kizima kabisa, na upanga mwekundu. Hiyo ndiyo nia.

Picha haina maudhi hayo. Hupendi mchoro, unapita zako. Nguo hupendi, umeshachangishwa, umeshavalishwa, inakukereketa kwapani na bado unaambiwa tabasamu mpige picha.

Baba mdogo alikuwepo kibarazani anakunywa chai. Akacheka. Akasema nyie mnabishana kama nguo ni jambo zito? Kawaulizeni wa zamani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala enzi hizo, walitangaza Operesheni Vijana: mwisho wa sketi fupi za mini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni Januari mosi 1969. Vijana wakasimamisha mabasi Kariakoo kukagua abiria. Yeye mwenyewe anasema suruali zilipimwa kwa chupa ya soda: idondoshwe kiunoni, isipotokea chini una kosa. Ya kwake ilinasa gotini. Hadi leo akiiona soda ya chupa anavuta suruali.

Na kinachonishangaza ni kwamba mwaka huo huo wa 1968 Edward Said Tingatinga alikuwa anaanza kuchora wanyama wake hapa hapa Dar, kwa rangi za baiskeli, chui wana madoa kama sahani. Hakuna aliyesimamisha basi kukagua chui. Picha ziliachwa zipite, sketi zikashushwa kituoni.

Nikaanza kulegea kidogo, lakini sikuonyesha.

Kilichonimaliza ni mke wangu. Aliichukua ile kanga mkononi mwangu, akaikunjua. Pindo limejaa grisi, mji, yaani pale katikati, una alama ya mnyororo, na kwenye jina, yale maandishi ya kanga, yamebaki maneno mawili yanayosomeka: SIOGOPI MTU.

Mwili ukanisisimka. Ndiyo ile. Dada yangu mkubwa aliwahi kuja kututembelea siku tatu, ikawa mwezi na nusu. Mke wangu hakutamka neno, chai na maandazi kila siku. Alhamisi moja akaamka, akajifunga doti mpya, akaanza kufagia uani. Polepole, anapita mbele ya mkeka alipokaa dada, anageuka, anarudi, mgongo umeelekea kwenye mkeka. Kule nyuma: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Alifagia uani kulikofagiwa tayari, mara nne. Jioni dada akauliza basi la Tanga linaondoka saa ngapi.

Nimeikalia sebule ile na maporomoko yangu ya maji miaka yote hiyo. Hayajawahi kumwondoa mgeni.

Basi nikatoa hela ya doti mpya, kama faini. Wakaenda Kariakoo mama na mwana, wakarudi magharibi. Usiku natazama mpira, mke wangu akapita mbele ya televisheni kajifunga. Akapita tena. Mara ya tatu nikasoma: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Nikapunguza sauti. "Mke wangu, hiyo inamhusu nani?"

"Haimhusu mtu. Nimependa rangi tu."

Rangi yenyewe kahawia. Na kahawia, tangu nimwoe, hajawahi kuipenda.