Bomba la Arusha linahukumiwa kwa meno ya zamani

Ukikaa Arusha siku chache tu atatokea mtu wa kukuonya, hata hujamuuliza, kwamba maji ya bomba hapa hayanyweki. Ushahidi nao hauko mbali. Atakuonyesha dereva bodaboda anayecheka na wenzake kijiweni: meno ya mbele yana mistari ya kahawia, mengine yamemeguka na kubaki na vishimo. "Si unaona mwenyewe?" Kesi imekwisha. Mwenye nyumba anachimba kisima, mpangaji ananunua maji ya chupa, na mamlaka ya maji ya jiji, AUWSA, inabaki kuuza maji ya kufulia na kupigia deki.

Naona bomba limehukumiwa kwa haraka, tena kwa shahidi asiyelijua. Sisemi floraidi, madini ya kwenye maji yanayolaumiwa kwa meno hayo ya kahawia, ni uzushi. Mlima Meru ni volkano, miamba yake ina madini hayo kwa wingi, na maji yanayopita humo huondoka nayo. Mito ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki imepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Maziwa ya Momella yana mamia. Shirika la Afya Duniani linasema madhara ya mifupa huweza kuonekana maji yakiwa na miligramu 3 hadi 6, na ulemavu kamili kwa kawaida huja yakizidi 10. Wenyeji wa huko hawahitaji kusomewa hayo, wamewaona wazee wao wenye miguu iliyopinda. Linalosahaulika ni namna jino linavyojengwa.

Floraidi ya kwenye maji hailiharibu jino la ukubwani likiwa tayari liko nje. Huliharibu likiwa bado limejificha ndani ya ufizi, wakati gamba lake gumu linatengenezwa, na kwa meno mengi kazi hiyo huwa imekwisha mtoto akifika miaka kama 8. Meno mawili ya mbele ya juu, yaleyale tunayoyatazama mtu akicheka, huwa hatarini zaidi akiwa kwenye mwaka wa pili na wa tatu. Yatachomoza akiwa na miaka 7 au 8 yakiwa na alama zilizokwisha kuandikwa. Kwa hiyo yule dereva, kama ana miaka 30, kinywa chake kinatoa habari za maji aliyoyanywa miaka 27 au 28 iliyopita. Na huenda hakuyanywa mjini hata kidogo. Vijana wangapi wa vijiwe vya Arusha wamezaliwa Ngarenanyuki au King'ori, wakashuka mjini wakiwa watu wazima kutafuta maisha? Kumtumia huyo kupima bomba la Sakina la leo ni kumwonea bomba.

Na mambo hugeuka upande wa pili pia. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Songea akiwa na miaka 26 anaweza kunywa maji mabaya ya kisima miaka kumi, meno yakabaki meupe, akaapa kwamba habari za floraidi ni maneno ya mtaani. Mifupa yake haitamwambia kitu mapema.

Kati ya utoto wa yule dereva na leo, mabomba yamebadilika. Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa majisafi na usafi wa mazingira Arusha, ule ambao watu wanauita wa bilioni 520. Visima virefu vilichimbwa nje ya jiji, vingine upande wa Hai mkoani Kilimanjaro, na uwezo wa kuzalisha maji ukatajwa kupanda kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Wanasiasa waliusifu kwa sababu ya mgao, na mtu aliyewahi kukesha akisubiri bomba lianze kukoroma saa nane usiku anajua kwa nini. Mimi naliangalia zaidi suala la kuchanganya. Njia rahisi ya mamlaka kupunguza floraidi ni kuyaingiza maji ya chanzo kibaya kwenye tangi moja na ya chanzo kizuri. Chukua chanzo chenye miligramu 4 na kingine chenye nusu miligramu: kila lita ya kile cha kwanza inataka lita mbili na nusu za cha pili ili mchanganyiko ufike 1.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa sasa. Mji wenye kiu hauwezi anasa hiyo, husukuma chochote kilichopo. Mji wenye maji ya ziada unaweza kukifunga kisima kibaya au kukitumia kwa kipimo. Wingi wenyewe ni sehemu ya ubora, na hilo sijalisikia likielezwa vya kutosha.

Wanaolikataa bomba wana hoja moja nzito kuliko meno, nayo ni historia ya viwango. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita. Baadaye ikaja 4. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema 1.5 tangu mwongozo wake wa 1984, na sisi kupitia TBS, shirika letu la viwango, tumeifikia 1.5 miaka ya karibuni tu. Yaani kuna maji yaliyolala salama yakaamka si salama, na hakuna tone lililobadilika. Mwananchi aliyekuwa akiambiwa kwa miaka mingi kwamba maji yake "yako ndani ya kiwango" ana haki ya kuuliza kiwango cha nani.

Najua kwa nini ile 8 iliwekwa. Serikali changa ilikuwa inachagua kati ya kisima chenye floraidi na kukifunga, kina mama warudi kuchota mtoni maji yenye kipindupindu na kuhara. Nami ningekuwa mezani pale huenda ningesaini. Lakini maelezo hayo yalibaki ofisini, na deni la kutoeleza ndilo AUWSA inalilipa leo hata kwa maji ambayo pengine hayana kosa.

Hata hiyo 1.5 yenyewe inahitaji kutazamwa vizuri, maana watu wanaitaja kama mpaka wa nchi: huku salama, kule sumu. Hesabu za viwango vya maji kwa kawaida humchukua mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita mbili kwa siku. Kwa 1.5 huyo anapata miligramu 3. Fundi mwashi anayejenga Muriet juani Februari akinywa lita nne, amepata 6 kutoka kwenye maji yaleyale yaliyofaulu kipimo. Mtoto wa kilo 10 akinywa lita moja, kwa uzito wake amepata mara tatu ya kile anachopata yule mtu mzima wa mfano. Na ni yeye ambaye meno yake yanajengwa.

Halafu kuna jiko. Hapa ndipo ninapoona sisi walaji tunalisingizia bomba mambo tunayoyafanya wenyewe. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakutoi floraidi. Mvuke unapanda, floraidi inabaki. Ukichemsha lita tano zikabaki nne, kila lita iliyobaki ina floraidi zaidi kwa robo, na maji yaliyoingia na 1.5 yanatoka na karibu 1.9. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo haiigusi, wala chujio la kawaida la udongo.

Sasa chukua sufuria ya makande. Mahindi na maharage yanakaa motoni saa tatu, na mama anaongeza maji kila yakikauka, kikombe baada ya kikombe, hadi lita sita zimeingia kwenye sufuria ambayo mwisho wake ina mchuzi wa kufunika tu. Kama maji hayo yalikuwa na miligramu 2 kwa lita, zote 12 ziko humo, na familia ya watu sita inakula 2 kila mmoja kabla hajagusa bilauri ya maji. Na wengi huharakisha kazi kwa kutupia kipande cha magadi, ambayo yanayochotwa huku kwetu yana floraidi yake mwenyewe. Ukimaliza, chai ya rangi. Majani ya chai ni mmea unaokusanya floraidi kutoka ardhini. Mtoto wa nyumba hii akiota meno ya kahawia, lawama yote itakwenda kwenye mita ya AUWSA.

Kuna na kipimo cha birika. Watu hutazama ule utando mweupe unaoganda chini, wakaona huo ndio ubaya wa maji. Utando huo kwa sehemu kubwa ni chokaa, yaani kalsiamu, na kalsiamu huikamata floraidi na kuizuia isiyeyuke kwa wingi. Maji yenye floraidi nyingi kuzunguka Meru mara nyingi ni yale laini yasiyo na chokaa, yanayotoa povu la sabuni vizuri na kuacha birika likimetameta. Si kila mahali iko hivyo, lakini inatosha kutuonyesha kwamba macho hayafai kazi hii.

Visima vya watu binafsi ndivyo vinavyonisumbua kuliko bomba. Anayechimba Njiro au Moshono huamini kwamba kina ni usafi: mita 100 chini, nani atachafua? Vijidudu, sawa, ni vichache. Lakini maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba wa volkano yamepata muda mrefu wa kuokota floraidi, na kuzunguka mlima huu visima viwili vya majirani vinaweza kupishana sana. Kibali cha kuchimba hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na maji yanapaswa kupimwa. Baada ya hapo mpangaji wa nyumba nne mbele haonyeshwi karatasi yoyote. Anaambiwa "haya ni ya kisima, hayana shida." AUWSA ina EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, inayoiandikia ripoti kila mwaka. Kisima cha mwenye nyumba kinaandikiwa na nani?

Maji ya chupa yaliyothibitishwa na TBS ni salama, sina ugomvi nayo, ila chupa chache za lita moja na nusu zinalipia uniti nzima ya bomba, lita 1,000. Familia ya kawaida hununua ya kumpa mgeni na kuendelea kupikia ya kisima. Wenye uwezo wanaweka mashine za kuchuja. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaondoa floraidi kweli lakini unachoka na lazima ubadilishwe. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake. Na kuna kitu cha bure ambacho tunakiacha kimwagike masika yote: maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tangi moja safi, mvua ya kwanza ikishaosha vumbi la bati, likatengwa kwa kunywa na uji wa watoto wa chini ya miaka 8, linafanya kazi kubwa kuliko birika. Kichanga anayenyonya tu huyo tayari yuko salama, kwa sababu maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji mabaya.

Wanaotaka bomba liachwe husahau pia ugonjwa usiosubiri miaka. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya Bara na watu zaidi ya 20,000 wakaugua. Maji yenye klorini yanayotiririka muda wote ni kinga ya kwanza dhidi ya hilo. Mgao unaivunja kinga hiyo, kwani bomba likikauka, presha inashuka na uchafu wa nje huvutwa ndani kupitia nyufa. Hapo tena wingi unakuwa ubora.

Pamoja na utetezi wote huo, mamlaka yenyewe inajiangusha pale inapozungumza kwa wastani. Asilimia ya sampuli zilizofaulu inamfaa mkaguzi. Mama wa Kwa Mrombo anataka namba ya tangi linalolisha mtaa wake, mwezi huu, ya floraidi, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa na itumwe na bili kwenye simu. Jiji linaloingiza maji kutoka vyanzo vingi tofauti haliwezi kuwa na namba moja.

Nimewahi kusikia jibu la hoja hii kutoka kwa watu wa sekta: ukibandika kwamba mtaa fulani una 2.1, watu watalikimbia bomba waende visimani, kwenye 5 ambayo hakuna aliyeipima. Hofu hiyo ina mantiki. Ila watu wamekwisha kukimbia, na wamekimbia bila namba yoyote. Kama 2.1 ya bomba ingebandikwa ukuta mmoja na kipimo cha kila kisima kinachouza maji mtaani hapo, kwa lazima na kwa gharama ya mwenye kisima, sidhani kama wengi wangebaki kisimani.