Stima ya 500, uniti za kubahatisha
Jana nimenunua tokeni za shilingi 500, uniti zikaja chache kuliko mwezi uliopita. Mita ni ile ile, shilingi ni zile zile! Hapa Kenya bei ya msingi hupangwa kwa miaka mitatu, sawa, lakini tozo za mafuta na fedha za kigeni hubadilika kila mwezi, kisha kuna tozo ya asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Bei ya petroli hutangazwa kila tarehe 14, hata mama mboga anaijua. Tozo za stima mbona zinazikwa kwenye Gazeti Rasmi? Bei zikipitiwa upya, tutangaziwe redioni, kwa Kiswahili, kabla hatujalipa.