Maji Safi, na Lile Neno la Pili

Nina mazoea ya kuinua glasi ya maji kwenye mwanga kabla sijanywa. Naitazama, naizungusha kidogo, nikiona hakuna kinachoelea nakunywa. Nimefanya hivyo miaka mingi, nikijiona mtu makini kuliko wenzangu. Kisha siku moja nikashikwa na tumbo la kuhara lililonilaza siku nne. Tulikuwa watano nyumbani. Wanne tulikunywa maji ya dumu lile lile na wanne tukaugua. Wa tano, anayekunywa ya kuchemsha tu na ambaye tulikuwa tukimtania kwa hilo, ndiye aliyetuuguza. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kama kioo. Niliyakagua mwenyewe.

Kiswahili kilikuwa kimeshanionya, ila sikusikia. Tunasema "maji safi na salama," na tumeyazoea maneno hayo mawili kuandamana hata tunadhani ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili kwa mbwembwe. Sivyo. Usafi, kwa namna tunavyoutumia kila siku, ni habari ya macho na pua. Usalama ni habari nyingine kabisa, na macho hayaijui.

Wanaolijua hilo zaidi ni watu wa afya ya jamii, na kisa wanachopenda kukisimulia ni cha London, mwaka 1854. Kipindupindu kiliingia mtaa wa Broad Street na kuua watu zaidi ya 500 ndani ya siku kumi hivi. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow akashuku maji, akafuatilia nyumba za waliokufa, na uchunguzi wake ukamfikisha kwenye pampu moja ya mtaani. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Wengi husimulia mpaka hapo. Mimi kinachonikaa moyoni ni mjane mmoja aliyekuwa ameshahama mtaa ule, akaishi Hampstead, mbali na ugonjwa. Alikuwa akiletewa chupa ya maji kutoka pampu ile ile kwa sababu aliyapenda ladha yake. Alikufa kwa kipindupindu, na mpwa wake aliyemtembelea akayanywa akafa naye. Aliyafuata mbali maji yaliyomuua, kwa kuwa ulimi wake uliyaona mazuri.

Nikimkumbuka, naiona glasi yangu kwenye mwanga.

Na wala si vidudu peke yake. Bangladesh walichimba visima vya bomba kwa wingi, hasa kuanzia miaka ya 1970, ili watu waachane na maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakieneza magonjwa ya kuhara. Lilikuwa jambo jema. Maji yakatoka chini ya ardhi yakiwa baridi na meupe. Miaka ya 1990 ikaja kugundulika kwamba mengi yalikuwa na aseniki, sumu ya asili iliyomo kwenye tabaka za udongo, isiyo na rangi, harufu wala ladha katika maji. Ukiyachemsha, sumu haiondoki. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki. Ilibidi visima vipimwe kimoja kimoja na kupakwa rangi: kijani kwa kinachofaa kunywewa, nyekundu kwa kisichofaa. Ninaipenda sana rangi ile. Ni kukiri hadharani kwamba jicho la binadamu haliwezi kazi hii, basi tulipe kitu linachoweza kukiona.

Tukiambiwa tuthamini maji, wengi tunaelewa kitu kimoja: funga bomba. Sipingi, anayeacha bomba likitiririka huku anapiga mswaki ananiudhi mimi pia. Lakini hiyo ni thamani ya wingi wa maji. Mimi nazungumzia kazi iliyomo ndani ya maji. Kuna mtu amechota sampuli alfajiri. Kuna aliyeachia tope litulie, akapitisha maji kwenye mchanga, akapima klorini, dawa ya kuulia vidudu. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyotiwa klorini yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 katika lita moja, kwa sababu hiyo iliyobaki ndiyo inayoyalinda njiani. Harufu ile tunayoinung'unikia ni mlinzi hajaondoka lindoni. (Ikizidi sana, hapo kweli lalamika.)

Kisha maji yanafika nyumbani, nasi tunayaharibu. Hapa ndipo ninapokasirika, na hasira yenyewe inaanza kwangu. Unachemsha maji, na yakitokota kwa nguvu dakika moja tu vidudu vimekwisha, halafu unayamimina kwenye ndoo ambayo jana ilifulia. Au unayaacha wazi yapoe. Au kila apitaye anatumbukiza kikombe, na mkono unaingia mpaka kwenye kifundo. Chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au chenye bomba dogo chini, kinafanya kazi kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu usafi. Sisi tulikuwa na ndoo ya mdomo mpana, na kikombe kimoja kikielea juu kama mtumbwi. Nilipopona nilikiangalia kile kikombe kwa muda mrefu.

Ninajua pia kwamba kuzungumzia mdomo wa chombo ni anasa ya mwenye maji. Mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji ya kunywa yanayohesabiwa kuwa ya uhakika, yaani yaliyopo pale pale unapoishi, yanayopatikana unapoyahitaji, na yasiyo na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mara nyingi anayelibeba ni mwanamke au msichana. Aliyebeba mzigo huo umbali wote huo ukamwambia sasa ayachemshe, atafute na kuni, unamwongezea safari ya pili juu ya ile ya kwanza. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji ya kunywa kuwa haki ya binadamu; nchi 122 ziliunga mkono, 41 hazikuegemea upande wowote, na hakuna iliyopinga. Nilipolisoma azimio lenyewe nilitafuta kwanza kama yale maneno mawili yamo. Yamo, yote mawili: salama na safi. Tena "salama" ndilo limetangulia.

Nyumbani tumebadilisha chombo. Yule tuliyekuwa tukimtania ndiye msimamizi wa maji siku hizi, na amekuwa mkali kupita kiasi. Mtoto akisogea karibu na mtungi bila kunawa anasikika akiitwa jina lake kamili. Glasi yangu bado naiinua kwenye mwanga. Mkono haujaacha. Ila sasa nikiishusha ninamgeukia yeye na kumuuliza, na asiponijibu, siinywi.