Grupu la wazazi limejaa matangazo, somo liko wapi?

Muulize mzazi wa mtoto wa darasa la tano, Dar es Salaam au Mwanza, kama shule inamjulisha habari za mwanawe, naye atakuonesha simu. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa kuna mchango wa uji, tarehe ya kufunga shule, picha za mahafali, ukumbusho wa fulana za michezo, na kila mwisho wa mwezi mkeka wa matokeo ya jaribio. Sasa muulize wiki hii mtoto anafundishwa nini kwenye Hisabati. Wengi hawajui, na si kwa uzembe wao. Hakuna aliyewaambia.

Nalitaja darasa la tano kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi hupotezana na shule. Mtoto akiwa la kwanza na la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu kunaonekana hata jikoni: anasoma maandishi ya mfuko wa unga, anahesabu chenji. La nne kuna upimaji wa kitaifa, kila mtu yuko macho. Kisha ukimya unatanda mpaka mtihani wa kumaliza shule ya msingi unapokaribia, na kumbe katikati ndiko zilikopita sehemu, desimali na asilimia, mambo ambayo asiyeyashika hapo hubabaika nayo hadi sekondari. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Muda wa kugundua kwamba mtoto ameachwa nyuma umepungua kwa mwaka mzima.

Wanaoyatetea magrupu wana hoja nzito. Baba anayeendesha lori akiwa Tunduma anapata taarifa dakika ileile anayoipata mama aliyeko nyumbani. Barua za zamani zilizotumwa kwa mkono wa mtoto nyingi ziliishia kukunjamana chini ya begi. Kikao cha wazazi nacho huitwa siku ya kazi asubuhi, na anayeishi kwa kibarua akihudhuria, siku hiyo hana ujira. Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi: fedha za michango zimekuwa wazi. Mweka hazina akipiga picha risiti ya mahindi na sukari akaiweka kwenye grupu, maneno ya chinichini hupungua.

Lakini grupu lina watu walio nje yake, nao mara nyingi ni wale ambao mtoto wao anahitaji kusaidiwa zaidi. Bibi anayelea wajukuu ana kiswaswadu cha kupiga na kupokea. Mama mwingine ana simu janja ila bando hununua siku ambayo biashara imekwenda vizuri. Kwa hawa, kauli ya mwalimu kwamba "nilishatuma kwenye grupu" haina maana yoyote, ingawa shuleni inahesabiwa kuwa wazazi wamejulishwa.

Kinachoniuma hasa ni ule mkeka. Majina ya darasa zima, alama, na nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, vyote mbele ya wazazi wote. Najua wapo wanaoupenda, na sababu yao si ya kupuuzwa: nafasi ndiyo lugha ambayo kila mzazi anaielewa, hata asiyejua kilichomo kwenye silabasi, na aibu kidogo, wanasema, humwamsha mtoto. Ila aliyeshika mkia hajifunzi chochote kwa kujua kwamba jirani wa nyumba ya tatu ameliona jina lake. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Ikiwa taifa limeona si lazima kumtangaza hata aliyeongoza, sioni kwa nini darasa limtangaze aliyeanguka. Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na alama za mtoto ni taarifa zake. Majirani zetu wa Kenya wameshaonesha kwamba mambo haya si ya mzaha: mwaka huohuo wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Na hata tukiweka aibu kando, mkeka haufundishi. "Hisabati 17 kati ya 50" haimwambii mzazi kama mtoto ameshindwa kujumlisha sehemu au hajaelewa fumbo kwa sababu anasoma polepole. Linganisha na ujumbe huu: "Darasa la tano wiki hii tunajumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwambie mtoto akueleze kwa nini nusu na theluthi hazifanyi mbili ya tano." Huo unaenea kwenye SMS moja ya kawaida, kiswaswadu cha bibi kinaupokea, na hata bibi asiyejua jibu anaweza kuuliza swali. Alama za mtoto zitumwe kwa mzazi wake peke yake, au ziandikwe kwenye daftari la mawasiliano kama zinavyofanya shule nyingi za binafsi, mzazi akatia sahihi.

Hapa walimu watanikatiza, na wana haki. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini madarasa ya shule nyingi za serikali mjini yamefurika kupita hapo. Mwalimu anayesahihisha rundo hilo la madaftari kisha akaulizwa saa nne usiku "Mwalimu, wangu leo amekula?" hawezi kuongezewa kazi ya kumwandikia kila mzazi. Bando lenyewe mara nyingi analinunua kwa fedha yake. Ndiyo maana siombi ripoti ya kila mtoto kila wiki. Naomba ujumbe mmoja wa darasa kila Jumatatu, unaonakiliwa kutoka kwenye andalio la somo ambalo mwalimu analiandaa vyovyote vile. Zile habari za uji na fulana zibebwe na wawakilishi wa wazazi kupitia UWAWA, ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, na hao hao wawapigie simu wasio kwenye grupu. Gharama ya SMS ijadiliwe wazi kwenye kamati ya shule, na saa za kumtafuta mwalimu zipangwe na mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula, ziandikwe juu kabisa kwenye maelezo ya grupu.