Boliti Zilizoganda kwa Kutu
Mimi na baba tunafufua Land Rover Series III, gari lililoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na kinachonikera kuliko injini na giaboksi ni boliti zilizoganda kwa kutu. Bodi yake ni ya alumini ilhali chesisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevunyevu, alumini huliwa taratibu na kuacha unga mweupe uliokaba kila kiungo. Jana tulipaka mafuta, tukasubiri, baba akagonga polepole kwa nyundo huku akinisihi nisiilazimishe spana. Hata hivyo kichwa cha boliti kilikatika, shina likabaki ndani. Inaudhi mno kumwona mzee wa watu amelala chini ya gari saa tatu nzima, akitoboa kwa drili kipande kifupi kuliko kidole, kwa sababu tu aliyeifunga hakupaka grisi!