Pimeni Mafuta Kabla ya Kuwasha Transfoma

Nimeitwa kwenye kiwanda cha barafu huku Ilemela, Mwanza, nikakuta transfoma yao imeshaungua. Mashine huungua, hilo halinishangazi. Kilichonikera ni maelezo ya fundi aliyetangulia: "Rilei ilizima, bosi, tukaongeza mafuta, tukawasha." Ikazima tena, wakawasha tena, mpaka bushi, kile kihami cha juu kinachopitisha waya kuingia ndani, ikapasuka.

Jamani, rilei ya Buchholz, kile kifaa cha kuilinda transfoma, haizimi bure! Imekaa kwenye bomba kati ya tangi kubwa na tangi dogo la juu, inakusanya gesi inayotoka ndani. Gesi ikija kidogo kidogo, inapiga kengele. Mafuta yakisukumwa kwa kishindo, inakata umeme. Mjerumani Max Buchholz aliibuni mwaka 1921, na leo bado kuna fundi anayeiona kero.

Ukitaka kujua ndani kuna nini, chota mafuta, maana gesi hizo huyeyuka humo, tena chota kwa utaratibu. Futa valvu ya chini, mwaga ya mwanzo kwenye ndoo, suuza bomba la sindano la kioo kwa mafuta yaleyale, kisha vuta polepole pasiingie hata kiputo cha hewa. Mvua ikinyesha, acha. Maabara ikikuta gesi ya asetilini, ileile ya wachomeleaji wetu wa Nyakato, inaongezeka, ujue ndani umeme unaruka, usiwashe. Ethilini ni dalili ya joto kali, mara nyingi kwenye maungio yaliyolegea. Kaboni monoksaidi ikipanda, shuku karatasi iliyofunga koili.

Karatasi hiyo ndiyo inayoniuma. Mafuta utabadilisha, karatasi iliyochakaa hairudi. Na unyevu mwingi wa transfoma umo kwenye karatasi, si kwenye mafuta. Utachuja leo, kipimo kitapita, utalipwa utaondoka. Baada ya muda maji yanatoka kwenye karatasi na kurudi kwenye mafuta yaleyale. Ndiyo maana kuikausha sawasawa kwa joto na pampu ya kuvuta hewa huchukua siku, si mchana mmoja. Kule kiwandani, silika ya kipumulio, zile chembe za kufyonza unyevu wa hewa inayoingia, iliyopaswa kuwa ya buluu ilikuwa ya waridi mpaka juu, na kikombe cha mafuta chini yake kilikuwa kikavu, kimejaa vumbi. Kila ilipopoa usiku, transfoma ilivuta hewa ya ziwa na unyevu wake wote. Silika hubadilishwa kwa dakika chache tu! Hakuna aliyeinua macho kuiangalia.

Haya, nakubali: barafu haisubiri majibu ya maabara, na sangara wa watu wataoza pale mwaloni. Basi kodi jenereta. Hata kabla ya maabara, kipimo cha mega (kifaa cha kupima uhami), kipimo cha uwiano wa koili na kipimo cha ukinzani wa nyaya hufanyika palepale, siku hiyohiyo. Fundi aliyeweza kubeba madumu ya mafuta angeweza kubeba na mega.

Na mafuta yenyewe waliyoongeza? Yalitoka kwenye dumu lisilo na lebo, kifuniko kimelegea, limekaa nje mvuani. Mafuta mapya, kabla hata ya kusafishwa, yanatakiwa yahimili kilovolti 30 kwenye pengo la milimita 2.5. Hayo hayakupimwa na mtu. Mwenye kiwanda ana haki ya kumwambia fundi: nionyeshe vipimo kwanza, ndipo uguse swichi.